Mafunzo ya Urejeshaji wa Misitu ya Kitropiki: Jinsi ya Kuyachagua, Kuyatumia na Kuyageuza Kuwa Kazi

Mwaka 2011, mjini Bonn, Ujerumani, ilizinduliwa ahadi ya kurejesha hekta milioni 150 za ardhi iliyofyekwa misitu au kuchakaa ifikapo 2020. Baadaye lengo likapandishwa hadi hekta milioni 350 ifikapo 2030. Mwaka 2015 nchi za Afrika zikajiwekea lengo lao la hekta milioni 100 kupitia mpango wa AFR100. Umoja wa Mataifa ukatangaza miaka ya 2021 hadi 2030 kuwa Muongo wa Urejeshaji wa Mifumo ya Ikolojia, na Desemba 2022, huko Montreal, mataifa yakakubaliana kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 30 ya maeneo yaliyoharibika yawe yanarejeshwa kwa namna inayoleta matokeo.

Kila hekta katika ahadi hizo inahitaji mtu wa kusimama juu yake na kuamua nini kifanyike. Je, hapa tupande, au tuache msitu uote wenyewe? Tukipanda, tupande miti gani, mingapi, na nani ataipalilia? Wahifadhi wengi walifundwa kulinda: doria, sheria, sensa za wanyama, elimu kwa umma. Kurejesha ni ujuzi mwingine kabisa, na mtu hodari wa kulinda hifadhi anaweza kukosa la kusema akipewa shamba lililochakaa na kuambiwa alirudishe kuwa msitu. Pengo hilo ndilo linalofanya mafunzo ya urejeshaji yawe na thamani kubwa kikazi hivi sasa.

Hata hivyo, cheti peke yake hakimpandishi mtu daraja. Kinachompandisha ni ushahidi kwamba anaweza kuisoma ardhi, kufanya uamuzi na kuonyesha matokeo yake. Basi unapochagua kozi, jiulize kwanza itakuachia nini mkononi. Mwongozo huu umejengwa juu ya swali hilo.

Hatua ya 1: Lijue pengo lako kabla ya kutafuta kozi

Kusanya matangazo ya kazi kama kumi ambazo ungependa kuzifanya miaka mitano ijayo. Usijali kama leo huna sifa zinazotakiwa. Pigia mstari kila ujuzi unaojirudia, kisha weka alama kwenye ule ambao huwezi kuuthibitisha kwa kitu ulichokifanya wewe. Hapo ndipo pengo lilipo.

Pengo hutofautiana kulingana na ulikotoka. Bwana miti aliyezoea mashamba ya misaji au misonobari anajua kitalu na upandaji, lakini mara nyingi hajawahi kukusanya mbegu za spishi arobaini za kienyeji wala kufuatilia msitu unaoota wenyewe. Mwanabiolojia anazijua spishi, ila hajawahi kuandaa bajeti ya palizi. Afisa maendeleo ya jamii anaweza kuendesha mkutano wa kijiji kwa ustadi, lakini akiulizwa kwa nini miche ilikufa, hana jibu. Mtaalamu wa ramani na satelaiti anayaona mabadiliko ya kijani kutoka juu, bila kujua kama ule ukijani ni msitu wa asili, mikaratusi au magugu.

Usijiandikishe kwenye kozi inayokufundisha unachokijua tayari. Ni jambo la kawaida, kwa sababu tunavutwa na yale tunayoyamudu, lakini halisogezi mtu mbele.

Hatua ya 2: Zifahamu aina za mafunzo

Kuna kozi fupi za porini, za wiki moja hadi takriban mwezi. Tropical Biology Association huendesha kozi za mwezi mmoja barani Afrika, na Organization for Tropical Studies ina vituo Costa Rica, kikiwemo La Selva. Katika Chuo Kikuu cha Chiang Mai, Thailand, kuna kitengo cha utafiti wa urejeshaji wa misitu kinachojulikana kama FORRU, kilichoanzishwa mwaka 1994, ambacho kimewafundisha watu kutoka nchi nyingi za tropiki. Kozi za aina hii zinamfaa mtu ambaye pengo lake ni la mikono na macho: kutambua spishi, kupima ploti (vipande vya ardhi vya sampuli), kuendesha kitalu.

Kisha kuna programu ndefu za mtandaoni. Mfano ni ile ya Environmental Leadership and Training Initiative ya Chuo Kikuu cha Yale, inayolenga mandhari za misitu ya kitropiki na kutoa cheti. Programu kama hizi zimekusudiwa watu walio kazini. Faida yake kubwa ni kwamba unasoma huku eneo lako la mradi liko mbele yako, na unaweza kuijaribu wiki hii mada uliyofundishwa wiki iliyopita.

Shahada ya uzamili inahitajika zaidi kwa anayetaka utafiti, ualimu wa chuo au nafasi za juu za sera. Kama lengo lako ni kusimamia miradi, fikiri mara mbili kabla ya kutumia miaka miwili darasani. Kozi nzuri ya porini pamoja na mradi ulioukamilisha mwenyewe mara nyingi huzungumza kwa sauti kubwa zaidi mbele ya mwajiri.

Kozi za bure za mtandaoni za saa chache zifanye, lakini zichukue kama maandalizi. Zitakusaidia kuzoea istilahi kabla ya kuomba nafasi kwenye kozi yenye ushindani.

Hatua ya 3: Ihoji kozi kabla ya kulipa

Waandikie waandaaji, na usione haya kuuliza. Sehemu gani ya muda hutumika nje ya darasa? Wakufunzi wamerejesha msitu wapi, na eneo hilo sasa lina umri gani? Msitu wa miaka miwili na msitu wa miaka ishirini hufundisha mambo tofauti, na mkufunzi ambaye hajawahi kurudi kwenye eneo lake baada ya miaka kumi hajui mengi anayodhani anayajua.

Uliza pia kama mtatembelea eneo lililoshindikana. Swali hili nalipenda kuliko mengine yote. Urejeshaji hushindwa mara nyingi: uchunguzi uliokusanya takwimu za maeneo 176 barani Asia, katika tropiki na ukanda unaopakana nayo, ulionyesha kwamba kwa wastani asilimia 18 ya miche ilikufa katika mwaka wa kwanza, na baada ya miaka mitano iliyokufa ilifikia asilimia 44. Kozi inayowaonyesha wanafunzi miti iliyostawi tu haiwaandai kwa kazi hii.

Mwisho, uliza utaondoka na nini. Jibu unalolitafuta ni mpango kamili wa urejeshaji wa eneo halisi, ikiwezekana la kwako, uliopitiwa na mtaalamu. Kama jibu ni cheti cha mahudhurio peke yake, endelea kutafuta. Ukiridhika, ndipo uulizie ufadhili. Kozi nyingi za tropiki huwa na nafasi zilizolipiwa kwa waombaji kutoka nchi zinazoendelea, na barua ya maombi inayotaja eneo fulani na tatizo lake huwa na nguvu kuliko ile inayoeleza mapenzi ya mwombaji kwa mazingira.

Hatua ya 4: Ukiwa masomoni, jifunze kwanza kuisoma ardhi

Mafunzo yanaweza kugusa mada ishirini. Kama ningelazimika kuchagua moja ya kuijua barabara, ningechagua hii: kupima uwezo wa ardhi wa kujirejesha yenyewe kabla ya kupanda mche wowote. Ni ujuzi unaookoa fedha nyingi, na ndio unaomtofautisha mtaalamu na mpandaji miti.

Njia inayofundishwa na FORRU ni rahisi kiasi kwamba unaweza kuifanya kwa kamba, kigingi na daftari. Chagua sehemu kumi zilizosambaa katika eneo lako. Katika kila moja piga kigingi, funga kamba ya mita 5, na uzungushe duara. Ndani ya duara hesabu kila dalili ya mti unaorudi: miti iliyokomaa, michipukizi ya asili iliyozidi sentimita 50, na visiki vinavyochipua. Andika spishi, hata kama ni kwa jina la wenyeji. Andika pia dalili za moto, mavi ya ng'ombe, urefu wa nyasi na hali ya udongo.

Sasa piga hesabu. Duara la nusu kipenyo cha mita 5 lina mita za mraba 78.5. Tuseme wastani wako ni miti 9 kwa duara. Gawanya 9 kwa 78.5, zidisha kwa 10,000, unapata takriban miti 1,146 kwa hekta. Kiwango kinacholengwa katika njia hii ni miti 3,100 kwa hekta, sawa na nafasi ya mita 1.8 kati ya mti na mti, ili mwavuli wa majani ufunge mapema na kuyanyima magugu mwanga. Kwa hiyo umepungukiwa na miti kama 1,950. Hiyo ndiyo miche ya kupanda kwa kila hekta, na mingineyo tayari unayo bure. Inachohitaji ni kupaliliwa na kulindwa.

Wastani ukiwa miti 25 au zaidi kwa duara, na spishi zikiwa nyingi, huna haja ya kupanda kabisa. Zuia moto, zuia mifugo, subiri. Fikiria uzito wa hesabu hiyo mbele ya mkurugenzi ambaye alikuwa tayari amepanga kununua miche 3,000 kwa kila hekta.

Nguvu ya uotaji wa asili si nadharia. Nchini Niger, kuanzia 1983, Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, na wakulima waliokuwa wakifanya naye kazi walichagua na kupogolea machipukizi ya visiki vilivyokuwa tayari mashambani, njia ambayo kwa Kiswahili sasa inajulikana kama Kisiki Hai. Ilisambaa mpaka kufikia takriban hekta milioni 5. Na katika misitu ya kitropiki, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 na timu kubwa iliyoongozwa na Lourens Poorter ulionyesha kwamba misitu inayoota yenyewe kwenye ardhi iliyoachwa hufikia, kwa wastani, asilimia 78 ya sifa za msitu wa kale ndani ya miaka 20. Lakini hilo hutokea pale ambapo udongo haujachakaa sana na bado kuna msitu karibu wa kuleta mbegu. Kujua kama eneo lako ni la aina hiyo au la, ndiko kuisoma ardhi.

Hatua ya 5: Shika mbegu, shika mizizi

Usiridhike na picha za slaidi. Omba kufanya kazi kitaluni.

Spishi nyingi za misitu yenye unyevu zina mbegu zisizovumilia kukaushwa. Ukizianika na kuzihifadhi kama mahindi, umeziua. Zinatakiwa kuoteshwa ndani ya siku au wiki chache tangu kukusanywa, kwa hiyo kalenda ya kitalu hufuata kalenda ya matunda ya msitu, wala haifuati mwaka wa bajeti. Ni lazima ujue kila mti huzaa mwezi gani. Lazima pia ukusanye kutoka miti mama mingi iliyotawanyika, kwa sababu ukichuma yote chini ya mti mmoja, msitu wako wote utakuwa wa ndugu wa damu moja.

Halafu chukua mche uliokaa muda mrefu kitaluni, chana kiriba (mfuko wa plastiki uliootesha mche), na utazame chini. Mzizi mkuu uliofika kwenye kitako cha kiriba ukapinda, kisha ukaanza kujizungusha, hautajinyoosha tena shambani. Mti unaweza kuonekana mzuri miaka miwili, mitatu, halafu ukaangushwa na upepo au kukauka katika ukame wa kwanza mkali. Ukishaushika mzizi wa namna hiyo kwa vidole vyako, hutapokea tena shehena ya miche kwa kuangalia majani tu. Wasimamizi wa miradi wanaojua kukataa miche mibovu wanatafutwa.

Uchaguzi wa spishi ni somo pana, nalo lina mbinu zake. Mojawapo iliyo maarufu ilianzia Queensland, Australia, katika miaka ya 1980, na FORRU wakaiendeleza Thailand: unapanda spishi teule za kienyeji, kwa kawaida 20 hadi 30, zinazovumilia jua kali, zinazokua upesi, zenye kivuli kizito na matunda yanayovuta ndege, popo na wanyama wengine. Hao ndio wanaoleta mbegu za spishi zilizobaki. Mikuyu na jamaa zake huwa kwenye orodha hizo karibu kila mahali katika tropiki.

Hatua ya 6: Usikwepe somo la watu

Wanaotoka sayansi huwa wanapumzika kipindi hiki. Wasifanye hivyo. Ardhi karibu yote inayorejeshwa ina mwenyewe, ina mchungaji, ina mama anayeokota kuni, au ina mgogoro wa mpaka ambao haumo kwenye ramani yoyote. Jifunze kuuliza haki ya kutumia miti ni ya nani miti ikishakua, maana mtu hatapalilia kwa miaka miwili kitu ambacho hajui kama ataruhusiwa kukivuna. Jifunze kupata ridhaa ya wenyeji kabla ya mpango kuandikwa, si baada. Na kama unaelekea kwenye nafasi za mipango na sera, omba ufundishwe ROAM, utaratibu wa kutathmini fursa za urejeshaji uliotolewa na IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa mazingira, na World Resources Institute mwaka 2014. Serikali nyingi zimeutumia, na matangazo ya kazi huutaja kwa jina.

Hatua ya 7: Geuza mazoezi ya kozi kuwa jalada la kazi

Kila zoezi lifanye kana kwamba litasomwa na mwajiri, kwa sababu litasomwa. Jalada zuri lina vitu vichache tu: tathmini ya eneo moja pamoja na hesabu za maduara ya uotaji wa asili, mpango wa urejeshaji wenye bajeti na kalenda, picha za eneo lilelile zilizopigwa kutoka nukta moja kwa nyakati tofauti, na jedwali la ufuatiliaji. Ficha majina na taarifa za wanakijiji. Hifadhi data ghafi, maana kwenye usaili wa kazi nzuri utaulizwa namba zimetoka wapi.

Tazama tofauti kati ya sentensi mbili za wasifu. Ya kwanza: "Nilishiriki upandaji wa miche 5,000." Ya pili: "Nilipima uotaji wa asili katika eneo la hekta 4, nikapendekeza kupunguza miche ya kupanda, nikasimamia palizi kwa misimu miwili ya mvua na kuripoti idadi ya miche hai kila mwisho wa kiangazi." Ya kwanza inaweza kuandikwa na yeyote aliyehudhuria sherehe ya kupanda miti. Ya pili inamfanya msomaji akuulize zaidi, na hicho ndicho unachotaka.

Kwa upande wa mishahara na vyeo, mabadiliko hutokea hasa pale unapovuka kutoka kutekeleza mpango wa mwingine hadi kuandaa wa kwako na kuutolea hesabu. Kwa hiyo onyesha maamuzi uliyofanya na sababu zake, hata kama yalikuwa madogo.

Hatua ya 8: Rudi kazini na ombi moja

Wiki za kwanza baada ya kozi ndizo zenye nafasi kubwa. Msimamizi wako anatarajia ripoti. Mpe kurasa mbili, na mwishoni uombe kitu kimoja mahususi: kipande kidogo cha ardhi, nusu hekta inatosha, chenye sehemu itakayopandwa na sehemu ya kulinganisha itakayoachwa bila kupandwa. Bila sehemu ya kulinganisha hutaweza kuthibitisha kwamba mabadiliko yameletwa na kazi yako.

Panga palizi na ulinzi wa moto kabla ya kuagiza mche wa kwanza. Miche hufa zaidi kwa kukosa palizi kuliko kwa kukosa sherehe ya kuipanda, na bajeti nyingi huishia siku ya upandaji. Pima mara baada ya kupanda, pima mwisho wa kiangazi cha kwanza, kisha kila mwaka. Kwa miche midogo pima kipenyo cha shina pale linapotokea ardhini pamoja na urefu. Miti ikikua, hamia kwenye kipimo cha kipenyo katika kimo cha mita 1.3, ambacho ndicho kinachotumika kukadiria hewa ya ukaa. Ukiweza kutoa takwimu hizo kwa mpangilio, milango ya miradi ya kaboni na ya ufuatiliaji inafunguka pia.

Hatua ya 9: Uthibitisho wa kitaaluma na watu mliosoma nao

Society for Ecological Restoration hutoa uthibitisho unaoitwa CERP kwa wataalamu wenye elimu na uzoefu unaotakiwa, na ngazi ya CERPIT kwa ambaye ametimiza sehemu moja na bado anaitafuta nyingine. Huhuishwa kila baada ya miaka mitano kwa kuonyesha mafunzo endelevu. Si kila mwajiri anauhitaji. Una faida zaidi kwa washauri binafsi na kwa wanaoomba kazi nje ya nchi zao, ambako hakuna anayekifahamu chuo walichosoma. Kabla ya kuomba, linganisha kumbukumbu zako za kazi na vigezo vyao, kipengele kwa kipengele, na anza kuzihifadhi mapema kwa tarehe na saa.

Kuhusu wanafunzi wenzako: tumianeni data zenu, si salamu peke yake. Kila mwaka tuma jedwali lako la miche hai na uombe la kwao. Mtu aliyeyaona matokeo yako, mazuri na mabaya, kwa miaka mitatu mfululizo anaweza kukuandikia barua ya mapendekezo yenye maelezo ya kweli, na nafasi nyingi za ushauri na ukufunzi hupita kwenye mitandao ya namna hiyo kabla hazijatangazwa. Ukialikwa kufundisha siku moja kwenye kozi ileile uliyosoma, kubali, na uwapeleke wanafunzi kwenye sehemu yako iliyokufa miche mingi zaidi, ukiwa na namba zake na maelezo ya ulichobadilisha msimu uliofuata.